Bwana Inama

Meli ilikuwa kuukuu kuliko walivyoambiwa, na fundi miwani aliipenda tangu alipoikanyaga.

Aliipenda kwa sababu haikuficha umri wake. Rangi nyeupe ya ukutani ilikuwa imepakwa juu ya rangi nyingine, nayo juu ya nyingine, hata vichwa vya misumari vikabaki vinundu kama tetekuwanga. Zulia la ujia lilianza na maua mekundu, likafika kwenye ngazi likageuka la majani, mbele kidogo likawa la mistari, kama mtu anayepoteza mada katikati ya mazungumzo. Bomba la bafuni lilikohoa kwanza, likatema maji ya kutu, ndipo likakubali kutoa maji ya kuogea. Na droo moja chumbani mwao ilifunguka yenyewe kila meli ilipolalia kushoto, ikajifunga ilipolalia kulia.

"Hii droo ina adabu kuliko watu," alisema mama mkwe wake. "Inafungua, inafunga. Haiachi kitu wazi."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa wao aliipokea duniani kwa mikono yake, na nusu hiyo aliendelea kuikaripia njiani kana kwamba haijakatwa kitovu. Mwanawe wa pekee wa kiume ndiye aliyekuwa mume wa fundi miwani. Figo zilimchukua angali kijana. Baada ya msiba watu walitarajia mjane afungashe virago arudi kwao. Hakurudi. Alibaki katika nyumba ile ile, mchana akisaga vioo vya miwani dukani kwake, na kila alasiri na kila asubuhi akimtia mama mkwe dawa ya macho, huku bibi yule akilalamika kwamba anachomwa moto. Walikuwa wamezoeana kama kinu na mchi. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kimoja bila kingine hakikuwa na kazi.

Safari ilikuwa zawadi ya wifi yake, aliyeishi mbali na aliyezoea kupenda kwa kutuma vitu.

"Mtoe mama nyumbani apate hewa," alisema kwenye simu. "Ila usimwache peke yake, unanisikia? Unamjua alivyo."

Alimjua. Na wiki ya kwanza hakumwacha.

Abiria wengi walikuwa wazee walioifahamu meli ile kama mtu anavyofahamu nyumba ya shangazi yake. Walijua mlango upi unagoma, kiti kipi cha sitahani kina turubai lililolegea, upande upi moshi wa bomba unakwenda upepo ukigeuka. Bibi mmoja aliyefuma soksi tangu bandari ya kwanza alimwambia fundi miwani, "Meli za siku hizi ni maduka makubwa yanayoelea. Hii angalau inakukumbusha kwamba uko baharini. Inalia." Na kweli ililia. Ilipopanda wimbi, mbao zote za kuta ziliguna kwa pamoja kama kapu jipya lililojazwa kupita kiasi.

Sasa, fundi miwani alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ni kutaka kujua. Hakuweza kupita mlango asishike kitasa. Alikwisha gundua chumba cha kuvutia sigara kilichogeuzwa maktaba, na vitabu vyake bado vilinuka tumbaku. Alikwisha gundua swichi isiyowasha chochote, na ngazi iliyopanda ikaishia kwenye ukuta mtupu. Kila alichokiona alikwenda kumsimulia mama mkwe, naye mama mkwe alijibu vilevile siku zote: "Pekuapekua ilimtoa panya mkia."

Halafu akaja yule mtu wa tatu mezani.

Mkuu wa wahudumu, mzee mwenye koti jeupe lililochakaa viwiko, ndiye aliyemleta. Meza ya kwanza ya mgeni ilikuwa chini ya feni mbovu, mzee alisema, basi angehamia hapa kama akina mama hawana kinyongo. Nyuma yake aliingia mwanaume mrefu mno. Alikumbuka kuinama mlangoni, akasahau kuinama kwenye boriti ya pili, na sauti ya paji la uso lake ikafanya watu wa meza za jirani wafumbe macho kwa maumivu.

"Shikamoo, mama," alisema akijishika kichwa.

"Marahaba. Meli hii haikutengenezwa kwa ajili yako, mwanangu."

"Naona, mama. Tangu nipande nimekuwa mtu wa kuinama tu."

"Basi utaitwa Inama," mama mkwe alisema, na ikawa ndilo jina lake.

Inama alichukua mkate kabla ya kitu kingine. Aliubonyeza kwa kidole, akaunusa, akaumega, akatazama matundu yake ya ndani kwa makini kama mtu anayesoma habari za kwao.

"Una nini na huo mkate?" fundi miwani aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Ndiyo kazi yangu, dada. Mimi ni mwokaji. Huyu aliyeoka huu alikuwa na haraka, lakini ana mkono mzuri."

"Mwokaji!" mama mkwe aliingilia. "Mwanaume mzima?"

"Hata nusu mwanaume angeweza, mama, ila magunia ya unga ni mazito."

Mama mkwe alikohoa kwenye kitambaa chake. Fundi miwani, aliyekijua kikohozi kile, alijua ni kicheko kilichokataliwa ruhusa.

Kisha Inama akaichukua karatasi ya vyakula, akainyoosha mbali kadiri mkono ulivyofika.

"Unahitaji miwani," fundi alimwambia.

"Nani, mimi? Naona vizuri tu."

"Umeishika hiyo karatasi kama mtu aliyepewa mtoto akagundua amejikojolea."

Safari hii kikohozi hakikutosha, mama mkwe akacheka wazi. Inama naye alicheka, kisha akamtazama aliyesema. Fundi miwani alikuwa ametazama macho ya watu miaka yote ya kazi yake. Alijua kuyatazama bila yeye kutazamwa, kwa sababu mteja anapopimwa huangalia herufi ukutani, hamwangalii fundi. Macho ya huyu hayakuwa na herufi za kuangalia. Yalitulia juu yake. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea, la kushoto likifumba kidogo kuliko la kulia, na fundi aliteremsha uso wake akaanza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

Mama mkwe aliisogeza chumvi kwa kidole kimoja.

Siku zilizofuata fundi na Inama walikutana asubuhi mapema sitahani, maana waokaji hawajui kulala hadi jua litoke, na wenye kutaka kujua nao hawapendi kupitwa. Mama mkwe alikuwa angali kitandani. Mabaharia walikuwa wakiosha mbao za sitaha kwa mpira wa maji, na wao wawili walilazimika kuinua miguu na kusogeasogea, na kila waliposogea walijikuta karibu zaidi kuliko walivyokuwa. Inama aliongea taratibu. Alisema ana tanuri mbili na mama mmoja mkali. Alisema hakuwahi kuoa. Aliwahi kuchumbia, mchumba akachoka kungoja.

"Kungoja nini?"

"Nimalize kuwa baba wa wadogo zangu. Baba alikuwa hayupo."

"Alifariki?"

"Hapana. Alikuwa humu." Inama aligonga ukuta wa meli kwa ngumi, polepole. "Alikuwa mhudumu wa ukumbi wa chakula, meli hii hii, mpaka alipozeeka. Alikuja nyumbani mara moja moja na sabuni zenye harufu nzuri. Sasa ni marehemu. Niliposikia meli inakaribia kustaafishwa nikasema ngoja niione kabla haijakatwakatwa. Kuna kitu nataka kujua."

Hakuna neno ambalo lingemshika fundi miwani kwa nguvu zaidi ya hilo.

"Kitu gani?"

"Utanicheka."

"Sitacheka."

"Baba alipokuja likizo, mama alipika akamwekea kiti. Kile kiti hakukikalia hata siku moja. Alikula amesimama, sahani mkononi, karibu na mlango. Tukimwita anasema, 'Kuleni, kuleni, mimi niko sawa.' Mama alikuwa akilia jikoni. Alisema mtu asiyekaa mezani kwako ana meza nyingine mahali. Na sisi watoto tukakua tukiamini hivyo. Nataka kujua kama alikuwa na meza nyingine."

Fundi miwani hakucheka. Alitazama bahari, kisha akasema, "Yule mkuu wa wahudumu ni mzee. Umemuuliza?"

"Naogopa."

"Basi nitamuuliza mimi. Mimi siogopi kuuliza, naogopa kutojua."

Na alimuuliza, mbele ya sahani za uji, na mzee alimtazama Inama muda mrefu, akamzunguka, akasema, "Ndiyo maana. Nilisema huyu naijua hii shingo. Njooni baada ya chakula cha mchana, nitawateremsha."

Mchana ule mama mkwe alisinzia kwenye kiti cha sitahani, miwani puani, blanketi magotini. Fundi alimwinamia. "Mama, nakwenda kutazama vyumba vya chini. Nitarudi kabla ya dawa." Mama mkwe aliguna mguno wa usingizini. Bibi wa soksi alimpungia mkono kwamba nenda, nipo hapa. Akaenda.

Walishuka ngazi za zulia, wakashuka za mpira, wakashuka za chuma tupu. Huko chini meli ilikuwa kitu kingine kabisa. Hapakuwa na madirisha. Hewa ilikuwa ya moto yenye harufu ya sabuni ya kufulia na mafuta, na sakafu ilitetemeka hata meno yakawasha. Inama alitembea amekunja shingo, mkono mmoja darini. Mzee aliwaonyesha chumba chenye vitanda vya ghorofa, vyembamba kama rafu za duka. "Hapa alilala baba yako. Kile cha juu." Inama alijaribu kusimama wima asiweze.

Kisha mzee akawapeleka nyuma ya jiko, kwenye ujia mwembamba ambapo trei zilipita. Ukutani palikuwa na kibao cha kukunjua, upana wa kiganja, kingo zake zimelika kwa kuguswa.

"Na hapa ndipo tulipokula. Mpaka leo wanakula hapa."

"Wapi?" Inama aliuliza. "Viti viko wapi?"

"Viti vya nini, mwanangu? Mhudumu anakula kati ya sahani moja ya mgeni na nyingine. Unaweka yako kwenye kibao, unameza, kengele inalia, unakwenda. Ukikaa, miguu inagoma kuamka." Mzee alicheka kidogo. "Mimi nilikuja mdogo, baba yako ndiye aliyenifundisha. Siku moja tulipata nafasi, nikamwambia, kaka, leo tukae hata juu ya ndoo. Akakataa. Akasema, 'Nikikaa nitalala, nikilala nitaota nyumbani, na nikiota nyumbani kesho sitaweza kazi.' Ndivyo alivyokuwa. Mwili wake ulisahau kukaa."

"Hakuwa na..." Inama alishindwa kumaliza.

"Mwanamke? Alikuwa na picha yenu. Kila mhudumu mpya alilazimishwa kuitazama. Tulimkimbia kwa sababu ya hiyo picha."

Kengele ililia, mzee akaomba radhi akaondoka. Wale wawili walibaki kwenye ujia. Inama aliweka kiganja chake juu ya kibao, akakiacha hapo. Mabega yake makubwa yalianza kutikisika bila sauti. Fundi miwani hakufikiri. Aliushika mkono ule mwingine kwa mikono yake miwili, akausubiri utulie, na ulipotulia hakuuachia.

"Mama yangu amemchukia bure," Inama alisema hatimaye.

"Yu hai mama yako. Ataacha kumchukia ukimwambia."

"Fundi."

"Abee."

"Usingeniuliza, nisingejua."

Kama walikaa pale kidogo au sana, hakuna aliyepima. Walipopanda, mikono yao ilikuwa bado haijaachana, na fundi aligutuka tu aliposikia sauti aliyoijua kuliko sauti zote duniani. Ilitoka kwenye lifti.

Lifti ya meli ile ilikuwa ya milango ya chuma cha kukunja, inayoonyesha ndani na nje kama tundu la ndege. Ilikuwa imekwama kati ya sitaha na sitaha. Abiria walikuwa wamekusanyika. Fundi wa umeme alikuwa amepiga magoti akigonga kitu kwa bisibisi. Na ndani, kichwa chake kikiwa usawa wa sakafu waliyosimama watu, alikuwa mama mkwe.

"Nimeona viatu vyenu kabla ya nyuso zenu," alisema. "Viatu vinne vimesimama kama viwili."

Mikono iliachana. Ilikuwa imechelewa.

"Mama! Umeumia?"

"Niliamka hukuwepo. Dawa imepita saa yake. Nikasema mkwe wangu ameanguka kwenye matundu ya meli hii anayoyachungulia. Nikaingia kwenye tundu hili kukutafuta. Kumbe hujaanguka. Au umeanguka, ila si mahali nilipodhani."

Watu waligeuza nyuso, lakini hakuna aliyeondoka.

"Mama, kosa ni langu," Inama alianza.

"Wewe nyamaza. Sisemi na wewe." Alizishika nondo za mlango. "Ile miwani uliyonitengenezea ni mizuri mno. Kwa miwani hii nimeona kila kitu. Umemshika mkono mwanaume mbele ya watu. Wewe, mke wa mwanangu!"

"Mama, tuongee ukitoka."

"Tuongee sasa! Nikitoka utanitia dawa na maneno matamu, nitasahau."

"Mjane, mama," alisema fundi miwani kwa sauti ndogo. "Mimi ni mjane wa mwanao."

Lilikuwa neno la kweli, na lilipotoka lilikata. Mama mkwe aliziachia nondo za mlango. Wakati huohuo lifti ilishtuka, ikapanda polepole ikiguna, ikamleta juu bibi yule aliyenyooka, mpaka macho yake yakawa mbele ya macho ya fundi miwani. Mlango ulipofunguka alipita katikati yao wote bila kumgusa mtu.

Chumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, akakataa dawa. Jua la alasiri liliingia kupitia dirisha la duara likaweka duara jingine ukutani, likapanda na kushuka na mawimbi.

"Utaondoka," alisema baadaye.

"Sijasema naondoka."

"Mkunga haambiwi. Anaona tumbo likishuka, anajua."

Fundi miwani alipiga magoti mbele yake. "Mama, nilimpenda mwanao. Nilimlisha, nikamwosha, nikamzika. Lakini unadhani nilibaki nyumbani kwako kwa ajili yake?"

"Kwa ajili ya nani, basi? Ya paka?"

"Siku watu wa msiba walipotawanyika, uliingia jikoni ukapika. Ulikuwa umemzika mwanao wa kiume wa pekee. Ukaniita mezani, ukaniuliza kama chumvi imetosha. Nilibaki kwa ajili ya yule mwanamke. Hata kama mwanao nisingemjua kamwe, ningebaki."

Mama mkwe alitazama duara la mwanga likipanda na kushuka.

"Chumvi ilikuwa nyingi," alisema.

"Ilikuwa nyingi mno, mama."

Midomo ya bibi ilicheza, isijue kama icheke au ilie, na mwishowe haikufanya lolote. "Siwezi kukuzuia," alisema, "na siwezi kukuruhusu. Usinilazimishe leo."

Jioni ile hawakwenda ukumbini. Waliletewa chakula chumbani. Fundi alijua kwamba Inama alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya watu watatu, na alijua kwamba asubuhi meli ingefika bandari yake, ateremke kurudi kwenye tanuri zake. Hawakuwa wameagana. Alisogeza sahani pembeni.

Asubuhi gati lilikuwa limejaa makuli, mizigo na watu waliokuja kupokea watu wao. Mama mkwe alitaka kukaa sitahani, kwa hiyo wakakaa sitahani. Fundi miwani alimwona kabla hajamtafuta. Mtu mrefu kiasi kile hapotei. Alikuwa amekwisha shuka, begi begani, akisimama wima kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Alikuwa ametazama juu. Hakupunga mkono. Alitazama tu.

"Macho yananiuma," mama mkwe alisema. "Nitie dawa."

Fundi alifungua kichupa, akamwinamisha kichwa nyuma. Tone la kwanza lilianguka shavuni. La pili lilianguka puani.

"Hujawahi kunikosa jicho," mama mkwe alisema.

"Samahani, mama."

"Hata siku ya msiba hukunikosa."

Fundi miwani alivuta pumzi, akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akatia tone moja, akatia la pili, kila moja mahali pake. Kisha akafunga kichupa akakiweka kwenye mapaja ya bibi.

"Mama, nakwenda chini. Nitarudi kabla meli haijaondoka, na kesho nitakuwa nawe, na keshokutwa. Lakini sasa nakwenda."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho kama mtu aliyetiwa dawa anavyotakiwa. "Mimi sijaona mtu akienda," alisema. "Si unaona nimefumba macho?"

Aliteremka daraja la kushukia akipishana na makuli, akimwomba radhi huyu na yule, na alipofika mbele ya Inama pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Hukuja mezani," Inama alisema.

"Ngoja niseme mimi kwanza, nikinyamaza sitasema tena. Yule mama simwachi. Si kwa mwezi, si kwa mtu yeyote. Anayenitaka mimi ataamka asubuhi akute na yeye yupo, na maneno yake yapo. Na anayeona hayo ni mengi aseme hapahapa, nirudi juu nikamwage machozi vizuri."

Inama aliweka begi chini.

"Nani amekuomba umwache?"

"Wanaume husema hivyo mwanzoni."

"Labda. Mimi nimelelewa na mtu aliyetupenda kutoka mbali. Ninajua nyumba inavyokuwa mtu akikatwa kutoka kwa watu wake. Sitaki mke aliyekatwa, Fundi. Njoo mzima mzima, na kinu chako na mchi wako."

"Nani alikwambia habari ya kinu na mchi?"

"Mama mkwe wako. Siku ulipokwenda kuchungulia chumba cha mashine, alinihoji mpaka nikatoka jasho. Aliniuliza kama nakoroma."

Fundi miwani alicheka, na machozi yakapata njia ya kutokea. Inama alimshika mkono, ule ule wa jana, mbele ya gati zima.

"Niambie jambo moja tu," alisema. "Nikija kwenu, nibishe hodi kwako au kwake?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Sauti ya mkunga, iliyozoea kuamrisha wanawake wasukume, ilishuka kutoka juu.

"Wewe mrefu!"

Gati zima liligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa sitaha, mikono miwili kwenye reli, miwani imewaka jua, bibi wa soksi akiwa amemshika nyuma ya gauni asije akaanguka.

"Naam, mama! Shikamoo!"

"Marahaba! Mbona umemsimamisha binti yangu juani?"

Fundi miwani aliganda. Kwa miaka yote ile alikuwa mkwe wangu, alikuwa mke wa mwanangu, na siku za hasira alikuwa wewe. Hilo neno lilikuwa la wifi peke yake.

"Tunaagana, mama!"

"Binti wa watu haagwi bandarini kama mzigo! Njoo nyumbani, ukae, uulizwe maswali! Na uje na mkubwa wenu, usije peke yako kama mtu aliyetoroka!"

"Nije lini, mama?"

"Mapema! Mimi ni mzee, nabadilisha mawazo!"

Mtu mmoja alipiga makofi, makuli wakapokea, na vigelegele vikasikika sitaha ya juu kutoka kwa bibi wa soksi. Inama, aliyesimama wima asubuhi nzima, aliinama taratibu mpaka paji la uso wake likagusa la fundi miwani. Kisha honi ya meli ililia, nzito na ya kukwaruza, na baharia aliyeshika kamba za daraja akaita waliobaki wapande.

Fundi miwani alipanda akitazama nyuma. Alipofika juu, mama mkwe alikuwa amekwisha rudi kitini, amejitandika blanketi magotini, uso mkavu kama vile hajawahi kupaza sauti maishani. Gati lilianza kusogea nyuma, na yule mtu mrefu juu yake akawa mfupi, akawa mfupi zaidi.

"Mama yake yu hai?" mama mkwe aliuliza, macho baharini.

"Yu hai."

"Mkali?"

"Anasema ni mkali sana."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blanketi, akaivaa tena sawasawa.

"Vizuri," alisema. "Vuta kiti. Nataka kumjua nitakayegombana naye siku ya harusi. Anza mwanzo, na usiruke kitu."